Wiki Moja, Masoko Matatu: Mwongozo wa Kuadhimisha Ndoa Yenu Oman

Ndoa yetu ilipokaribia kutimiza miaka kumi, mume wangu na mimi tulikuwa na akiba ya safari moja ya nje, na kila tuliyemwambia alitutajia Dubai. Dubai ni pazuri. Lakini tulitaka nchi ambayo tungeketi na wenyeji, tukala walichopika, tukasikia historia yao wakiisimulia wenyewe. Tukachagua Oman, na tukaipanga safari kwa namna ambayo hadi leo watu wanatuuliza tuliitoa wapi: tulifuata siku za masoko. Jumatano Ibra, Alhamisi Sinaw, Ijumaa Nizwa. Miji mitatu ya bara, minada na magulio ya asubuhi, na barabara nzuri inayoiunganisha.

Nimeandika hapa kila hatua kama ningemwandikia mdogo wangu na mumewe. Nazungumza na ninyi wawili, kwa hiyo someni pamoja.

Hatua ya kwanza: sogezeni tarehe

Siku ya ndoa imeandikwa kwenye cheti, lakini sherehe yake mnaweza kuihamisha. Sisi tulifunga ndoa mwezi Agosti. Agosti nchini Oman joto la nyandani hupita nyuzi 40, na gulio la wazi halifurahishi mtu anayetafuta kivuli kila dakika. Tukasogeza hadi Novemba. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Machi mchana unatembea bila shida, na usiku huko milimani mtahitaji sweta nzito.

Kama mnapenda maua, basi lengeni mwishoni mwa Machi au Aprili, wakati waridi linachumwa kwenye mlima wa Jebel Akhdar. Nyandani joto litakuwa limeanza kupanda, lakini mtavumilia kwa ajili ya harufu ile. Wapo watakaowashauri Salalah, kusini, ambako kati ya Juni na Septemba kunakuwa na manyunyu na milima inageuka kijani. Ni kweli, ila kutoka Muscat ni kama kilomita 1,000. Hiyo ni safari nyingine, msiichanganye na hii.

Angalieni pia kalenda ya Kiislamu. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Ya 2027 inatarajiwa kuanza mapema Februari. Mchana wa Ramadhani migahawa hufungwa na kula au kunywa hadharani hakuruhusiwi, hata kwa asiyefunga. Kama ninyi ni Waislamu mnaweza kupenda kufunga na kufuturu huko, lakini masoko hubadili saa zake na mpango huu utawapa taabu.

Hatua ya pili: jengeni wiki kuzunguka Jumatano

Wikendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Ukishalielewa hilo, kila kitu kinakaa mahali pake. Sisi tulifika Jumapili usiku, Jumatatu tukawa Muscat, Jumanne tukashuka pwani hadi Sur, Jumatano Ibra, Alhamisi asubuhi Sinaw na jioni tukaingia Nizwa, Ijumaa mnadani Nizwa kisha kijijini Misfat al Abriyeen, Jumamosi tukabaki huko na kuzuru ngome ya Jabreen, Jumapili Jebel Akhdar, Jumatatu tukarudi uwanja wa ndege.

Msianze na tiketi ya bei rahisi halafu mkatafuta namna ya kuingiza masoko. Anzeni na Jumatano, hesabuni siku tatu nyuma, hapo ndipo mtafute ndege. Zipo ndege za moja kwa moja kati ya Muscat na Dar es Salaam na Zanzibar. Safari ni ya saa tano na kitu. Saa za Oman ziko mbele ya zetu kwa saa moja tu, kwa hiyo hamtapoteza siku mkisinzia.

Hatua ya tatu: karatasi

Pasi ziwe na uhai wa miezi sita au zaidi. Viza huombwa kwa intaneti kwenye tovuti rasmi ya Polisi ya Kifalme ya Oman, na masharti hutofautiana kwa uraia, kwa hiyo kila mmoja asome yanayohusu pasi yake, hasa kama mmoja wenu ni Mtanzania na mwingine Mkenya. Bebeni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Anayetarajia kuendesha achukue leseni ya kimataifa kabla ya kuondoka.

Na wekeni nakala ya cheti cha ndoa. Hatukuulizwa mahali popote, lakini hii ni nchi inayoheshimu ndoa, na kwenye nyumba za kulala wageni za vijijini, ambako mnaishi karibu na familia, ni vizuri kuwa nayo mkobani. Majina yetu ya pasi hayafanani, kwa hiyo kwetu karatasi ile ilitupa utulivu.

Hatua ya nne: fedha, na fungu la sokoni

Rial ya Oman ni nzito. Imefungwa kwenye dola kwa kiwango kisichobadilika, rial moja ikiwa kama dola 2.60, na imegawanywa baisa 1,000. Muuzaji akisema "mia tano" anamaanisha baisa, yaani nusu rial. Siku mbili za kwanza nilikuwa nahesabu vidoleni kila nikinunua chai. Kadi zinapokelewa mijini. Kwenye magulio na vijijini tembeeni na noti ndogo.

Gharama kubwa ni tatu: tiketi, malazi na gari. Chakula kinaweza kuwa nafuu mkila wanakokula vibarua na madereva, na petroli imekuwa ikiuzwa chini ya robo rial kwa lita. Hivyo punguzeni kwenye malazi ya Muscat, ambako mtakuwa nje mchana kutwa, ili muweze kulipia usiku mzuri wa Misfat.

Sasa fungu la sokoni, jambo lililoifanya safari hii iwe ya maadhimisho. Kabla ya kuondoka tulitenga bahasha mbili, yangu na yake, kila moja ikiwa na rial 15. Kila soko rial 5. Tukifika tunaachana kwa saa moja, kila mmoja anamnunulia mwenzake kitu kimoja, na hakionyeshwi mpaka usiku wa Misfat. Rial 5 haimruhusu mtu kujionyesha. Inamlazimu afikirie: mwenzangu anatumia nini, anapenda nini, nimemjua kiasi gani katika miaka hii kumi?

Hatua ya tano: gari

Mabasi ya umma ya Mwasalat yanatoka Muscat kwenda Nizwa na Sur, na mtu anaweza kuona mengi kwa basi. Kwa mpango huu wa masoko matatu mfululizo, hata hivyo, mtahitaji gari la kukodi, kwa sababu Ibra hadi Sinaw alfajiri kwa usafiri wa umma ni kubahatisha.

Oman huendesha upande wa kulia wa barabara. Kwa aliyezoea kushoto, barabara kuu haina tatizo; tatizo ni kipilefti na kona za mitaani. Kwenye kipilefti mnazunguka kinyume na tulivyozoea na mnawapisha wanaotoka kushoto kwenu. Asiyeendesha awe na kazi: kila mkitoka kwenye maegesho au kituo cha mafuta aseme kwa sauti, "Kulia." Tulifanya hivyo wiki nzima. Kamera za mwendokasi ni nyingi na kikomo cha barabara kuu ni kilomita 120 kwa saa, kwingine chini ya hapo.

Gari dogo linatosha kwa sehemu yote isipokuwa Jebel Akhdar. Chini ya mlima huo, Birkat al-Mawz, kuna kizuizi cha polisi na gari lisilo 4x4 haliruhusiwi kupanda. Kampuni tuliyokodi haikutuambia, nasi hatukuuliza, tukarudishwa. Tuliacha gari chini tukamlipa mwenyeji mwenye 4x4 atupandishe na kutushusha, na kusema kweli tulipata zaidi, maana alitupeleka vijijini ambako tungepita tu. Kama bajeti yenu ni ndogo, fanyeni hivyo kwa makusudi: gari dogo wiki nzima, 4x4 ya mwenyeji siku moja.

Jambo la usalama ambalo silirudii kwa utani: mvua ikinyesha milimani, makorongo makavu wanayoyaita wadi hujaa maji kwa dakika chache, hata pale mlipo kukiwa na jua. Mkiona maji yanakatiza barabara, msivuke. Subirini. Magari husombwa.

Jumatatu, Muscat: siku ya kupumzisha miguu

Sipendi kuwapa orodha ndefu ya Muscat. Nendeni Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos asubuhi. Wasio Waislamu huingia Jumamosi hadi Alhamisi, saa 2 hadi saa 5 asubuhi. Mke afunike nywele, mikono hadi kwenye kifundo cha mkono na miguu hadi kwenye kifundo cha mguu; mume avae suruali ndefu. Msikiti ulifunguliwa 2001, na zulia la ukumbi mkuu lina ukubwa wa mita 70 kwa 60, lililofumwa Iran na wafumaji 600. Vueni viatu na mtembee polepole.

Jioni nendeni soko la Mutrah, kando ya bahari. Msinunue kitu, hii ni siku ya kujifunza bei. Ulizeni ubani, ulizeni halua, nuseni. Ubani bora wanauita hojari, ung'avu wake una ukijani kidogo. Kwetu ubani tunaujua kwenye chetezo na kwenye hitima. Kuuona ukiwa magunia kwa magunia, umepangwa kwa daraja, ni jambo jingine.

Jumanne, njia ya pwani hadi Sur

Muscat hadi Sur ni kama kilomita 200. Tokeni mapema, simameni Wadi Shab, karibu na Tiwi. Mnavushwa kwa mashua ndogo kwa rial moja kila mtu kwenda na kurudi, kisha mnatembea kama dakika 45 katikati ya kuta za mawe na mashamba ya mitende hadi kwenye maji ya kijani. Mwisho wake kuna ufa mwembamba unaoogelea ukiwa umetoa kichwa tu, na ndani yake pango lenye maporomoko. Ogeleeni na fulana na kaptula ndefu, familia za wenyeji huja pale. Asiyejua kuogelea asijaribu ule ufa.

Karibu na Sur mtapita mabaki ya mji wa Qalhat, uliowekwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Jengo pekee lililosimama ni kaburi la Bibi Maryam. Huyu mama alitawala Qalhat baada ya mumewe kufariki, na simulizi ya huko ni kwamba alilijenga kwa ajili ya mumewe. Ibn Battuta alipita Qalhat katika karne ya 14, msafiri yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Tulilikuta limezungushiwa uzio kwa ukarabati, tukalitazama kutoka mbali. Hata hivyo mume wangu alitaka tukae pale kwa muda, na tulikaa, bila kusema mengi.

Sur yenyewe ni mji wa majahazi. Kuna karakana ambako bado wanachonga mbao, na jahazi la zamani la Fatah al-Khair limewekwa nchi kavu ili watu walione. Vyombo vya Sur ndivyo vilivyokuwa vikija kwetu na upepo wa kaskazi vikibeba tende na samaki mkavu, vikarudi na kusi vikibeba boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji. Mtu wa Kilwa au Pangani akisimama kwenye lile gati hajihisi mgeni. Machweo nendeni upande wa Al Ayjah, ng'ambo ya daraja, palipo mnara wa taa.

Wengi hulala hapa ili wakaone kasa Ras al Jinz. Sisi tuliwaacha. Msimu wao mkubwa ni Mei hadi Septemba, na ziara ya usiku ingetunyima usingizi kabla ya Jumatano. Jumatano ndiyo ilitufanya tuje.

Jumatano, Ibra: soko la wanawake

Ondokeni Sur saa 11 alfajiri. Barabara ni pana na ni mwendo wa chini ya saa mbili. Ibra kila Jumatano asubuhi kuna soko la wanawake: wanauza wanawake, wananunua wanawake, na mwanamume hatarajiwi humo. Hapa, kwa mara ya kwanza kwenye safari, mnatenganishwa, na ninawaomba msilione kama usumbufu. Mume aende upande wa pili, kwa wahunzi wa fedha na wauza majambia na mboga. Mke aingie.

Ndani nilikuta vitambaa, wanja, hina, manukato yaliyochanganywa nyumbani, nguo za watoto, na wanawake wa kibedui waliovaa barakoa. Sisemi barakoa ya hospitali. Nasema ile barakoa yenyewe, ya kitambaa kigumu yenye kinyanyuo kwenye pua, ambayo mabibi wa Unguja walivaa zamani na ambayo picha zake tumeziona kwenye vitabu. Neno nililolizoea tangu 2020 lilirudi kwenye maana yake mbele ya macho yangu.

Msiwapige picha. Sio kuomba kwa ishara huku simu iko juu; acheni simu mkobani.

Nilisalimia "Salaam alaykum", nikauliza bei kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, nikasikia nyuma yangu: "Mnatoka wapi, mwanangu?" Ni bibi mzee aliyekaa juu ya kiti cha plastiki, anauza udi. Nikamwambia Shikamoo, akaitikia Marahaba, akacheka mpaka akashika magoti. Alizaliwa Pemba.

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa sababu mtakutana na wazee kama yeye. Mkoa huu wa Sharqiya ulipeleka watu wengi Afrika Mashariki. Waomani waliitwaa Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Katika karne ya 19 Sultan Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja. Mwaka 1861 Zanzibar na Muscat zikatenganishwa kuwa tawala mbili. Baada ya mapinduzi ya 1964 wengi waliondoka visiwani, na Sultan Qaboos alipoingia madarakani 1970 aliwaita Waomani walio ng'ambo warudi. Ndiyo maana Kiswahili kimo majumbani Oman hadi leo. Mtaa wa zamani wa Ibra unaoitwa Al Minzfah una magofu ya majumba makubwa yaliyojengwa enzi za biashara hiyo. Tembeeni huko baada ya soko, jua likiwa halijawa kali.

Adabu ya mazungumzo haya: anzeni na salamu ya Kiarabu, Kiswahili kije kutoka kwao. Wapo wanaokiongea kwa furaha, wapo wenye kumbukumbu nzito. Walipoteza ndugu na nyumba. Biashara ile iliyojenga majumba, nayo, ilikuwa pamoja na biashara ya watumwa, na sisi wa upande wa huku tunabeba kumbukumbu zetu. Msiyafungue ninyi. Mkisimuliwa, sikilizeni.

Baada ya soko tulikutana kwenye gari na mifuko yetu iliyofungwa. Alikuwa na hadithi zake, nilikuwa na zangu, tukapeana kwa zamu hadi mchana. Kwa kawaida safarini mnaona kitu kile kile kwa wakati mmoja, jioni hamna la kusimuliana. Soko lililotutenga lilitupa maongezi ya siku nzima.

Laleni Ibra. Wanaotaka usiku wa jangwani wanaweza kulala kambi za Bidiyah, kwenye michanga ya Sharqiya. Nyingi zitawafuata barabarani kama gari lenu ni dogo. Ila mtalazimika kuamka mapema zaidi Alhamisi.

Alhamisi, Sinaw: ngamia

Kutoka Ibra ni kama saa moja. Sinaw ni soko la watu wa jangwani, na Alhamisi asubuhi ndiyo siku yake kubwa. Ngamia wanapiga kelele, wanapakiwa kwenye pikapu, mbuzi wanavutwa kwa masikio. Vaeni viatu vilivyofungwa. Simameni pembeni, kwa sababu pale kuna fedha nyingi inabadilishana mikono na mtalii katikati ya njia anakera. Kabla ya kuondoka kunyweni kahawa. Mtapewa tende kwanza, kisha kahawa yenye iliki ndani ya kikombe kidogo kisicho na mkono, kama vya wauza kahawa wa Tanga. Pokeeni kwa mkono wa kulia. Mkitosheka, tikiseni kikombe. Msipokitikisa wataendelea kumimina.

Mchana endesheni hadi Nizwa, na muwe mmeweka nafasi mapema: Alhamisi usiku ndio usiku ambao kila mtu anataka kulala Nizwa. Tafuteni nyumba ndani ya mtaa wa kale wa Al Aqr, hatua chache kutoka ngomeni. Mtatembea hadi mnadani kwa miguu, nanyi hamtahangaika na maegesho.

Ijumaa, Nizwa: mnada wa mbuzi

Muwe pale saa 12 na nusu asubuhi. Wauzaji wanazungusha wanyama kwenye duara, wanunuzi wamesimama na kuketi pande mbili, bei inatajwa kwa sauti, mnunuzi anamshika mbuzi, anamwangalia meno, anamwachia aende au anamchukua. Wazee wamevaa kanzu nyeupe zenye kishada shingoni, fimbo mkononi, wengine na jambia kiunoni. Kufikia saa 3 mambo yanapoa, na inapokaribia sala ya Ijumaa mji unafunga. Kwa hiyo nunueni mapema: vyungu vya Bahla, vyetezo, tende, halua.

Halua mtaijua. Ni ile ile ya wanga, samli, sukari, iliki na zafarani, ya Unguja na Mombasa, ila ya huku imepikwa na maji ya waridi na ni laini zaidi. Onjeni kabla ya kulipa, ni desturi. Chakula cha mchana ulizeni kama kuna shuwa, nyama iliyopakwa viungo, ikafungwa kwenye majani na kufukiwa shimoni siku moja au mbili. Ni chakula cha Idi, lakini migahawa kadhaa huwa nacho. Mkikuta harees, ni boko boko, ngano iliyopondwa na nyama.

Ngome ya Nizwa ina mnara mkubwa wa duara uliojengwa na Imam Sultan bin Saif katikati ya karne ya 17. Ijumaa ingieni ngomeni mara tu baada ya mnada, kabla mji haujafunga.

Misfat al Abriyeen: usiku wenyewe

Kutoka Nizwa pitieni Al Hamra, halafu pandeni mlima. Kama saa moja. Misfat ni kijiji cha mawe na udongo kilichoshika ubavu wa mlima, na chini yake mitende, migomba na ndimu kwenye ngazi za mashamba. Mwaka 2021 shirika la utalii la Umoja wa Mataifa lilikitaja miongoni mwa vijiji bora vya utalii. Gari linaachwa juu; mizigo mnabeba wenyewe kwenye vichochoro, kwa hiyo shukeni na begi dogo la usiku mmoja au mbili. Nyumba kadhaa za zamani zinapokea wageni: godoro sakafuni au kitanda cha chini, dirisha dogo, chakula cha pamoja. Bafu wakati mwingine liko nje ya chumba. Ulizeni mnapoweka nafasi.

Mabega na magoti yafunikwe, na msishikane kimahaba hadharani. Chumba ni chenu. Kichochoro ni cha kijiji.

Kinachopita katikati ya kijiji ni falaj, mfereji wa maji kutoka kwenye chemchemi. Mifereji kama hii iko kama 3,000 inayotumika nchini, na mitano kati yake iliwekwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji hugawanywa kwa muda. Kila familia ina zamu yake, zamani ikipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku, na kipimo chake kinaitwa athar, kama nusu saa. Mwenyeji wetu alituonyesha jinsi kijiwe na kitambaa vinavyoziba mlango wa shamba moja ili maji yaende lingine. Mume wangu, ambaye ni mtu wa umwagiliaji, alibaki naye hadi giza.

Usiku tulipanda darini na kufungua mifuko. Kutoka Ibra nilimnunulia udi wa yule bibi. Sinaw fimbo ya mchungaji wa ngamia, kwa sababu goti lake linamsumbua akipanda. Nizwa kikombe cha udongo. Yeye alikuwa na pete nyembamba ya fedha kutoka Ibra, kamba ya kusukwa kutoka Sinaw niliyoitamani bila kusema, na chetezo kidogo cha Nizwa. Hakujua kwamba nina udi, nami sikujua kwamba ana chetezo. Tuliomba kaa la moto kwa mwenyeji, tukaufukiza pale pale.

Jumamosi laleni hadi mchoke, kisha nendeni ngome ya Jabreen, iliyojengwa na Imam Bil'arab bin Sultan katika karne ya 17. Tazameni dari zilizochorwa, na chumba cha tende chenye mifereji sakafuni: magunia yalipangwa juu yake, uzito ukakamua asali ya tende ikatiririka hadi kwenye mtungi. Rudini Misfat mlale tena. Usiku mmoja hautoshi.

Jumapili, Jebel Akhdar

Uwanda wa Saiq uko kama mita 2,000 juu ya bahari. Tembeeni kwa miguu kati ya vijiji vya Al Aqr (si ule mtaa wa Nizwa), Al Ayn na Ash Shirayjah, njia ya saa moja hivi ukingoni mwa bonde, mashamba yakiwa ngazi kwa ngazi chini yenu. Msimu wa waridi mtakuta petali zikipikwa kwenye vyungu juu ya moto na mvuke wake kukusanywa. Nje ya msimu chupa bado zinauzwa. Maji yao ya waridi yana harufu ya moshi kidogo, ndiyo dalili ya kuwa yamepikwa kwa njia ya kale. Tulinunua chupa tatu: moja ya mama yangu, moja ya mama mkwe, moja yetu, kwa ajili ya mrashi tuliopewa siku ya harusi na ambao ulikuwa umekaa kabatini mtupu.

Kufunga mizigo

Maji ya waridi na halua viende kwenye begi la kupakia, si la mkononi. Zungushieni kila chupa utepe kwenye kifuniko, iwekeni ndani ya soksi, kisha ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Halua ya bakuli ifungwe kwa plastiki ya jikoni mara mbili, kwa sababu samli hutoka kwenye joto. Ubani na udi havina shida ila vitanukiza nguo zote. Fimbo ya mume wangu ilikuwa ndefu kuliko begi. Tuliipeleka kaunta, ikafungwa kibandiko peke yake, na Dar es Salaam ilitoka kwenye mkanda wa mizigo kabla ya kitu kingine chochote.